Paa la Ochola

Fundi wa simu pale soko la Kibuye ana vidole vilivyoungua kwa kuchomea waya. Jioni akimaliza kazi huvifuta mara mbili, huwasha kompyuta na kurusha ndege ya mchezo mpaka London, kwenye ule uwanja wa katikati ya jiji, ambako ndege hushuka kwa mteremko mkali karibu na maghorofa. Sisi hujazana nyuma ya kiti chake. "Wazee, fungeni mikanda," husema kwa sauti ya puani, na hata wauza mitumba hukumbatia mizigo yao.

Juzi alikuja Mama Ochola, ambaye mwanawe yuko London na hajapiga simu miaka miwili. Akatoa karatasi yenye anwani. "Nipitishe kwake. Lakini usiniangushe majini, fundi, sijui kuogelea." Tukacheka. Fundi akazunguka, akashuka, akamwonyesha paa moja jekundu. Nyumba hizo huchorwa na kompyuta tu. Fundi mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

"Yawa! Taa inawaka. Kumbe yuko!"

"Yuko, Mama," fundi akajibu, bila kugeuka.

"Basi nitawaambia watu wa kanisa waache. Kesho walikuwa wanaenda kuripoti kwamba amepotea."

Vidole vya fundi vikaganda kwenye usukani. Nikangoja amwambie kwamba paa lile ni mchoro tu. Akaiweka ndege chini polepole, laini kuliko siku zote, na Mama Ochola akawa wa kwanza kupiga makofi.