Mfalme Niliyemsomea Fatiha

Mpaka leo nikikutana na mama mkwe njia ya mtoni, ni mimi ninayeingia majanini kumpisha, na sababu yake sipendi kuieleza, lakini kwa kuwa watu wa Kindu, mji wetu huku Kongo, wanaieleza kwa kuongeza chumvi, afadhali niieleze mwenyewe.

Mwaka ule alitufikia daktari Mzungu wa kisiwa kiitwacho Ayalandi, nami nikawa mkalimani wake (nilijifundisha kusoma peke yangu, na kosa la watu wa namna yangu ni kujibu kabla ya kuuliza). Alinisimulia kwamba kwao kuna vilima vilivyojengwa kwa mikono, ndani yake wamezikwa wakubwa wa kale, majivu yao katika vyungu na kisu pembeni, na juu huota mti wa miiba ambao hakuna mkulima anayethubutu kuukata, kwa kuogopa watu wadogo wa kijini wakaao chini yake. Ningenyamaza, yangeishia hapo. Nikamwambia hata sisi tunavyo.

Nilikuwa nafikiria tuta lililo nyuma ya nyumba ya mama mkwe, lenye migomba isiyoguswa na mtu. Nilipata kumtuma mke wangu aulize sababu, akarudi na jibu kwamba hilo si neno la mkwe, nami nikaandika katika daftari: mila ya siri, ya kale sana.

Basi asubuhi moja, mama mkwe yuko shambani, tukachimba, majirani wakajaa. Dhiraa moja chini tukapata chungu kilichofunikwa, ndani yake udongo mweusi na kisu kidogo kilicholiwa na kutu. Daktari akavua kofia. Nikawatangazia watu kwamba haya ni majivu ya mfalme na hili jambia lake, nikaongeza (hakuna aliyeniomba) kwamba kwa udogo wa jambia alikuwa mtu wa amani, kisha nikamsomea Fatiha, nao wakaitikia amina.

Mama mkwe akafika na kapu la mihogo kichwani. Hakunitazama. Alimgeukia jirani yake, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kindu, ambacho "ndiyo" huwa "njo".

"Mumwambie mukwe wangu, ule mufalme anasomea Fatiha njo muke wake. Siku nilimuzaa, kondo ya nyuma tulizika mu ile nyungu. Na kile kisu njo kilimukata kitovu."

"Amesikia, dada," jirani akasema. "Angalia, anaweka nyungu chini."

Mkwe kushika kondo la mama mkwe: kwetu kosa hilo halina jina, maana hakuna aliyewahi kulifanya. Daktari akauliza wanasema nini. Nikamtafsiria. Akavaa kofia.

Sasa, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na mkunga wetu alikuwa mama yake. Akatuma neno kwamba hatakanyaga kwangu mpaka nisimame mbele ya watu walewale nitamke nilichochimba. Nikaomba niseme "kitu cha wanawake". Akakataa. Ijumaa, baada ya sala, nikasimama nje ya msikiti nikakitaja kwa jina lake. Mzee mmoja wa nyuma akaomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia.

Mtoto alizaliwa salama mikononi mwa bibi yake. Siku hiyo nilivushwa ng'ambo ya mto kwa mtumbwi, nikakaa huko mpaka wanawake walipomaliza kuzika chungu kipya. Sikuuliza wamekizika wapi, na kwa umri uliobaki sitauliza.