Nilifundisha Shaka Wakati wa Vita

Siku yangu ya kwanza kazini mkurugenzi wa lise, yaani shule ya sekondari, alinikabidhi boksi la chaki na neno la kunikaribisha. "Falsafa haina kazi hapa mujini," alisema. "Lakini iko mu examen. Fundisha."

Mimi mtoto wa fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi nilikuwa nimevaa suti ya kuazima, mikono imenizidi. Nikajibu, "Ndiyo, Monsieur le Directeur," huku moyoni nikisema utaona. Kiburi hicho ninacho hadi leo na sioni haya kukitaja.

Ninyi vijana mnaambiwa kwamba nadharia ya maarifa ni tawi moja tu la falsafa. Kwangu ndiyo shina. Inauliza: mtu anapodai kwamba anajua, ana haki gani ya kudai? Imani ni jambo ulilolikubali moyoni, na laweza kuwa kweli au uongo. Maarifa yanataka zaidi: jambo lenyewe liwe kweli, nawe uwe na sababu nzuri ya kulikubali. Shaka nayo watu huichanganya na ubishi. Mbishi hataki jibu, mwenye shaka analingoja. Haya niliyaandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka kuna aliyeyanukuu vibaya kwenye mtihani.

Aliyenifundisha kufundisha ni prefe wa masomo, yaani msimamizi wa walimu na ratiba, mzee mkali ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi. Alikaa nyuma ya darasa langu wiki nzima, kisha akaniita.

"We unaongea muzuri, lakini batoto banalala. Usibaulize banajua nini. Baulize bamejuaje."

Tangu hapo masomo yangu yote yalianza namna moja. Mwanafunzi anasimama, anataja jambo analolijua, wenzake wanamrudisha nyuma hatua kwa hatua hadi lilikotoka. Zoezi hilo tuliliita kupanda mto. Umejua sukari itaadimika? Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani? Wengi walikwama hatua ya pili, na darasa likaangua kicheko.

Vita vilipoingia mjini kicheko kilipungua. Nilihamishwa kutoka lise ile ya kwanza, kaskazini karibu na Carama, nikapelekwa nyingine upande wa kusini, na baada ya muda yule prefe akaletwa huko pia. Kila mtaa ulikuwa umebaki na watu wa kabila moja, na mwanafunzi hakuthubutu kwenda kusoma kwa mwenzake wa mtaa mwingine. Vitabu navyo havikutosha. Basi nikamwomba Désiré, mwanafunzi mpole wa Kanyosha mwenye mwandiko mzuri, aniandikie majina ya darasa zima, mtaa kwa mtaa, ili nigawe nakala za masomo kwa vikundi. Nilijiona mjanja sana.

Siku chache baadaye nilifika nikakuta darasa zima limesimama uani. Désiré alikuwa ndani peke yake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote. Mkurugenzi wa lise hiyo mpya alinisubiri na barua ya kumfukuza, ikikosa sahihi yangu tu, maana mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa darasa.

"Bote banajua," alisema. "Huyu kijana anatumikia batu ba porini. Atabaleta hapa. Weka sahihi, aende kwabo."

Nje ya geti vijana wa mtaa walikuwa wameshakusanyika. Akitolewa na jina hilo la mtumishi wa waasi, Désiré asingefika Kanyosha akiwa hai. Nami, mwalimu wa shaka, niseme kweli: niliamini. Kalamu niliishika. Kilichonizuia hakikuwa hekima, ni mazoea ya kazi tu. Niliomba nusu saa nikaenda uani kwa wanafunzi, tukaanza kupanda mto.

Ishirini walijua. Ishirini waliambiwa. Aliyewaambia aliambiwa, na huyo naye aliambiwa, mpaka vidole vyote vikamwelekea Claver, kijana wa dawati la mbele.

"Claver, we uliona nini kwa macho yako?"

"Mi niliona karatasi, Mwalimu. Ameandika majina yetu, mutaa kwa mutaa. Mutu anaandika vile juu ya sababu gani?"

Siku zile orodha kama hiyo ilikuwa na kazi moja tu, kuwaelekeza wauaji nyumba kwa nyumba, na kila mtu aliijua. Claver aliona sawasawa, akafikiri sawasawa, akakosea. Mjinga nilikuwa mimi, maana ni mwalimu peke yake anayeweza kuagiza karatasi ya namna ile wakati wa namna ile akidhani anapanga masomo. Nikikiri, washukiwa tungekuwa wawili. Niliogopa, tena sana.

"Hiyo karatasi ni yangu," nikasema. "Ni mi nilimutuma."

Claver akauliza, "Tutajuaje kama unasema kweli, Mwalimu?"

Katika maisha yangu yote ya kazi sijamwonea fahari mwanafunzi kama nilivyomwonea yule. Nikafungua mkoba, nikatoa nakala zilizokwisha kufungwa mafungu, juu ya kila fungu jina la mtaa kwa mwandiko wangu. Zikapita mkono kwa mkono. Prefe, aliyekuwa ametoka kusikiliza, alizisoma wa mwisho, polepole, akamgeukia mkurugenzi aliyenifuata uani na barua yake. "Apana, hakuna wa kufukuza," alisema, akaichana barua. Kisha akaenda getini kuwatawanya wale vijana. Claver aliingia darasani wa kwanza, akaketi karibu na Désiré. Orodha tuliichoma.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza falsafa ilizuia risasi gani. Nawajibu kwamba hesabu hiyo siijui, ila darasa langu lilimaliza mwaka likiwa kamili, na huo ndio ujira ninaojisifia.

Juzi nilikwenda sokoni Kanyosha. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akanikamata mkono; ni mama yake Désiré. Mwanawe hakuwahi kumsimulia ya siku ile.

"Mwalimu, mutoto yangu alisoma kwako muzuri," akasema. "Mu vita yote ile, hata siku moja hakupata matatizo."

Imani yake haikuwa kweli hata kidogo, na kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kusahihisha imani za namna hiyo.

"Ndiyo, Mama Désiré," nikamwambia. "Hata siku moja."