Unene wa Dada

Mgonjwa pia hunenepa, Mama! Nilimjibu hivyo, sauti juu, na mamangu sijazoea kumpandishia sauti. Tulikuwa tumetoka zahanati na dada, tumefika kwetu Kisauni, na Mama ashakataa habari ya hospitali kuu.

"Mgonjwa gani umemuona ana mikono kama ile?" akaniuliza. "Watu wakiugua hukonda. Dadako ndoa imemkubali, basi."

Ndoa imemkubali! Tangu aolewe, hilo ndilo neno tulilolisikia kila arusi. Akina mama humfinya mkono: "Bibi wee, walishwa nini huko kwa mumeo Ziwa la Ng'ombe?" Dada hucheka tu. Mama ndiye aliyekuwa akifurahi kuliko wote.

Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyekuwa kwake, maana shemeji alikuwa safarini na lori. Nilimkuta jikoni kakaa sakafuni, dera limelowa jasho, ahangaika kuwasha jiko kwa kijiko. "Dada!" Akaniangalia kama mtu asiyenijua. Kisha akanitukana, yeye asiyetukana hata paka. Jirani akaja mbio na maji yaliyosomewa, ati ni mashetani. Mimi nikaita tuktuk, nikampigia Mama simu njiani.

Zahanati, nesi akamchoma kidole. Akakitazama kile kimashine cha kupima sukari, akamchoma kidole kingine.

"Sukari imeshuka mno. Ana kisukari?"

"Hana."

"Nyumbani kuna mwenye dawa za sukari? Asije akawa amezimeza."

"Hakuna."

Daktari akavuta damu kwanza, akaitia kwenye vichupa, ndipo akamtia sukari mshipani. Wallahi sikuamini macho yangu. Mara dada huyo, kaketi kitandani, auliza, "Mbona mumeniacha kichwa wazi mbele za watu?"

Daktari akaanza kumhoji, Mama ashafika, na hapo ndipo tulipoyasikia. Kumbe ana biskuti chini ya mto. Kumbe huamka usiku kula mkate mkavu, maana asipokula hutetemeka na macho yakaingia kiza. Miezi yote hiyo! "Nyinyi mwanisifu unene," akamwambia Mama, "na mimi nimechoka kula. Hata hamu sina."

Ugonjwa tulikuwa tukiupigia vigelegele!

"Mtu asiye na kisukari, sukari yake haishuki hivi bure," daktari akasema. "Huenda ni ini, huenda ni homoni, huenda kuna kivimbe kidogo kwenye kongosho kinachomwaga ovyo insulini, ile ishushayo sukari. Hapa sina vipimo." Akatueleza kwamba hospitali kuu watamlaza, wamzuie kula, wawe wakimpima damu mpaka sukari ishuke mbele ya macho yao. Usiku huu asilale na njaa wala asilale peke yake, na kesho aende bila kukosa.

Hilo la kuzuiwa kula ndilo Mama aliloling'ang'ania tulipofika nyumbani. "Wewe mwenyewe wasema akikosa kula huanguka, kisha wampeleka kwa watu wamshindishe na njaa?"

"Huko ataanguka mbele ya madaktari, Mama, na drip ya sukari iko kando! Kwake akianguka yuko na nani? Na jiko?"

Mama akajifunga leso upya. Kisha neno lenyewe likamtoka, kwa sauti ndogo: "Na ukweni je? Watasema tuliwaoza mgonjwa. Shemejiyo asiambiwe."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kule jikoni. Yaani afadhali afe na sifa zake? Nikaingia chumbani. Dada alikuwa amesikia yote, kageukia ukuta, yuwatafuna mkate huku machozi yamtoka. Kila tonge alilimeza kama anayemeza dawa chungu.

Nikalala ubavuni pake, na shauri nishalikata. Asubuhi nitampa dada chai yake yenye sukari, kisha nimpigie shemeji mimi mwenyewe, nimweleze kila kitu, nimwambie atamkuta mkewe hospitali kuu. Mama akitaka kunigombeza, atanigombeza tukisharudi.