Barua Iliyoanza na Mvua

Keti hapa karibu, ndugu yangu, nikusimulie jinsi tulivyomshtaki mwalimu kwa barua ya habari za ngamia. Ukicheka, cheka tu. Sisi wenyewe tulicheka mpaka tukaambiwa tupunguze sauti.

Nilikuwa nasomea ushonaji katika chuo kimoja hapa Isiolo. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na msichana wa Korbesa, fundi kuliko sisi wote. Mtihani wa vitendo ulikuwa kushona gauni la mtoto, na bila alama za gauni hilo usingeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Alama zingefungwa Ijumaa ya wiki hiyo. Jumatatu mwalimu wa karakana alimwita mwenzangu mezani, akamzungushia utepe wa kupimia kiunoni mbele yangu, akamwambia alama zake azifuate nyumbani kwake Jumatano jioni, aje peke yake, na asipokuja asiulize.

Usiku huo mwenzangu hakugusa chakula. "Nikienda, nimekwisha. Nisipoenda, nimefeli," akasema. "Na baba akisikia, atanirudisha nyumbani na masomo yameishia hapo."

Nikamwambia kuna ofisi ya jinsia, ile iliyo nyuma ya maktaba, tuandike malalamiko. Kalamu nikashika mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri.

Sasa elewa jinsi tulivyolelewa. Kwetu hata ujumbe wa sauti wa simu una adabu zake. Mama akimtumia dada yake wa Garbatulla habari, dakika tatu za kwanza ni watu, mifugo na mvua. Kutamka shida kabla ya hapo ni kama kumrukia mtu. Kwa hiyo nikaandika salaam aleikum. Nikauliza nagaa, yaani amani, ya ofisi, ya watoto wa afisa na ya wazazi wake. Nikaeleza kwamba mvua imechelewa kwetu Merti lakini tunashukuru, na kwamba ngamia wa baba yake mwenzangu amezaa salama. Nikaisifu kazi ya ofisi. Ukurasa wa tatu, karibu na sahihi, nikaweka kwamba mwalimu fulani "anatukosesha utulivu kidogo." Tuliisoma mara mbili. Tukaiona kali mno.

Jumanne asubuhi tukaipeleka. Afisa alikuwa mama wa Kiturkana, miwani puani. Akasoma. Akafungua ukurasa wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Wasichana wangu," akasema, "mvua nimeijua. Ngamia nimemjua, na hongera. Huyu mwalimu amefanya nini?"

"Imeandikwa, madam," mwenzangu akanong'ona. "Hapo kwa utulivu."

"Utulivu? Hata jenereta ya jikoni inanikosesha utulivu! Niishtaki jenereta?"

Nikauma ukaya niliojitanda kichwani nisicheke. Afisa akavuta karatasi mpya, akamsukumia mwenzangu kalamu.

"Hapa hakuna salamu. Andika siku, mahali, alichofanya, alichosema kwa maneno yake yeye mwenyewe, na nani alikuwepo. Ukiona aibu kuyatamka, usiyatamke. Yaandike tu, mimi natazama dirishani."

Akageuza kiti kweli, akatugeuzia mgongo. Kalamu ikaanza kwenda, pole pole kwanza, halafu haraka. Alipomaliza, afisa akasoma, akainua kichwa.

"Alikupima kiuno. Hilo gauni lilikuwa la nani?"

"La mtoto wa miaka sita, madam."

"Miaka sita." Akavua miwani. "Na kiuno chako kinaingia wapi kwa gauni la mtoto wa miaka sita?"

Tukatazamana. Tangu jana tuliogopa kwamba hatuna la kusema, na kumbe tulikuwa na utepe, gauni dogo kama leso na shahidi mzima, ambaye ni mimi! Kicheko kikatutoka wote watatu pamoja. Mwenzangu alicheka huku akifuta machozi, akagonga meza, akasema, "Madam, hata mkono wangu hauingii!" Mtu akabisha ukutani kutoka maktaba.

Tulipotulia, afisa akatueleza, na nakueleza nawe. Mwenzangu hatalazimishwa kuketi na mwalimu yule wasameheane kwa kikombe cha chai. Alama zake zitatolewa na mwalimu mwingine. Yule akimnunia darasani au kumtisha kwa sababu ya kushtaki, hilo ni kosa la pili, nalo linaandikwa. Na nikisema nilichoona mimi, simchongei mtu. Mimi ni shahidi. Kisha akatoa nakala ya karatasi ile, akazipiga muhuri zote mbili, moja akampa mwenzangu.

"Na baba?" mwenzangu akauliza.

"Wewe ni mtu mzima. Utamwambia ukiwa tayari."

Tulitoka pale tukitembea kama tumevaa viatu vipya. Jumatano jioni hatukwenda nyumba ya mtu, tulikula mandazi bwenini tukiigiza afisa na jenereta yake. Alhamisi mwalimu mwingine, mwanamke mkavu asiyesifu kitu, akaligeuza lile gauni nje ndani, akatazama mishono, akaandika alama ya juu kuliko zetu zote. Mwenzangu akapiga vigelegele pale pale karakanani. Mwalimu wa karakana aliitwa na kamati ya nidhamu ya chuo, wasichana wawili wa mwaka wa mbele wakajitokeza na barua zao, na muhula uliofuata hakuwapo tena chuoni.

Basi, jambo kama hili likikupata au ukiliona likimpata mwenzako, chukua karatasi siku hiyo hiyo. Andika tarehe, mahali, kitendo, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo. Ipeleke ofisini, na usitoke bila nakala iliyopigwa muhuri.