Chupa za Mama Tone

Wanafunzi walimwita Mama Tone. Mtoto hakuwa naye, si wa Tone wala wa Ndoo. Jina lilitoka kwenye kauli yake ya kila mwaka, siku ya kwanza ya maabara, akiwa amesimama mbele ya vijana sabini, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni: "Tone moja likizidi, umeongopa." Vijana wakacheka. Mwaka ukaisha, waliocheka wakarudia mtihani.

Alifundisha kemia chuo kikuu miaka ishirini na sita. Kusoma alisoma kweli, si kusoma kwa kutundika cheti ukutani. Wenzake waliolewa, yeye akasoma. Wenzake wakazaa, akasoma. Wakapata wajukuu, naye bado kainama anatazama maji yakibadilika rangi. Wachumba walikuja, asikwambie mtu kwamba hawakuja. Mmoja alimngoja kwenye benchi nje ya maabara tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, akachoka, akaenda zake. Alipoambiwa kesho yake, Mama Tone alijibu tu, "Si angebisha hodi."

Aliishi vyumba viwili, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba za walimu. Meza moja, viti vinne, na vitatu vimebeba karatasi. Mdogo wake alimpigia simu Jumapili.

"Dada, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Mama Tone akageuza karatasi.

"Haya, endelea. Siku moja tutakukuta umekauka kama kuni."

"Kilichokauka hakiozi," alisema Mama Tone, akakata simu, akarudi kwenye karatasi zake.

Kazi yake ilikuwa gome la mti. Nyuma ya kiwanda kimoja cha betri kilichofungwa kulikuwa na visima, na maji yake yalikuwa na risasi, ile metali inayoingia mwilini polepole na kumdumaza mtoto akili. Yeye aliamini lipo gome ambalo likisagwa na kutiwa majini litaikamata risasi hiyo, maji yakichujwa yatoke salama. Miaka kumi na moja alisaga magome, na magome yakamcheka. Mwaka wa kumi na mbili, gome moja likakubali. Katika sehemu kumi za risasi, tisa zikabaki kwenye karatasi ya kuchujia. Akarudia mara thelathini. Ni yale yale.

Jarida kubwa likaikubali makala yake. Watu wa maji wakaja kuuliza unga huo utapatikana kwa magunia lini. Na Alhamisi ya mwisho wa mwezi akaitwa mbele ya kamati, kuhojiwa awe profesa.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, kama kunywa chai pamoja bila kusema ni urafiki. Huyo alikuwa fundi wa maabara, mzee mjane, mwosha chupa kwa miaka kumi na tisa, aliyebakiza wiki tatu astaafu. Saa nne asubuhi walikaa stoo, yeye juu ya kreti, Mama Tone kwenye kigoda, kila mtu na kikombe chake. Siku nyingine neno lilikuwa moja tu: "Baridi leo." Na lilitosha.

Basi fundi akachukua ruhusa ya wiki kwenda kumwoza binti yake. Wiki hiyo hiyo jarida likaomba kipimo kimoja cha ziada. Mama Tone hakungoja mtu. Akaosha chupa mwenyewe, akapima, akachuja.

Risasi yote imo majini. Gome halijashika kitu.

Akarudia. Hola. Akabadilisha unga, akakagua mashine, akarudia mara ya tatu. Jumatatu fundi aliporudi, hata habari za harusi hakuulizwa.

"Mzee, chupa unaziosha vipi?"

"Kama siku zote, Daktari."

"Siku zote ndiyo vipi? Nieleze kama mwanafunzi."

"Haya, mwanafunzi. Sabuni, brashi, maji ya bomba, mwisho maji safi ya mtambo mara moja, maana mtambo wenyewe siku hizi unatoa kwa kulazimishwa. Zile za gome nazilaza kwanza kwenye magadi."

"Magadi? Nani kakwambia utie magadi?"

"Gome linaacha madoa ya kahawia, sabuni hayaiogopi. Mwaka jana si ulinirudishia chupa mbele ya watoto wa watu? Ukaniuliza, hii chupa au meno ya mvuta tumbaku? Nikasema moyoni, huyu hatanirudishia tena."

"Na zile ninazopimia maji matupu, yasiyo na gome?"

"Zina doa gani hizo? Sabuni tu."

Mama Tone akaketi. Alikwisha elewa. Magadi yaliyobaki chupani ndiyo yaliyoigandisha risasi ikazama kama machicha, karatasi ikaizuia. Gome lilikuwa mgeni tu kwenye harusi, bwana harusi ni magadi. Ili kuhakikisha, akachukua chupa iliyolazwa kwenye magadi, akatia maji ya risasi bila chembe ya gome. Risasi ikatoka majini, tena vizuri.

Mkuu wa idara alimsikiliza huku akifunga mlango. "Nyamaza mpaka Alhamisi ipite. Ukishakuwa profesa, andika marekebisho. Nani anajua? Wewe, mimi, na mzee wa chupa."

"Watatu hao. Na watakaokunywa maji wamekosa nini?"

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu."

"Kingekuwa laini nisingefika kwenye mlango wako."

Akaandika barua siku hiyo hiyo, kuiondoa makala jaridani na kuwaambia watu wa maji waache habari ya magunia. Fundi akamjia mezani.

"Umeniandika?"

"Nimeandika kwamba mtafiti hakukagua uoshaji. Kosa ni la mtafiti."

"Mimi simo?"

"Umo wapi? Mimi ndiye niliyekutukana kwa doa, mimi ndiye ambaye sikukuuliza mwaka mzima."

Alidhani anamfunika mwenzake nguo.

"Miaka kumi na tisa, Daktari. Makala zote zile, jina langu halimo hata kwa wino wa kufifia. Nikasema sawa, mimi mwosha chupa. Leo nimefanya jambo kubwa, la kuangusha makala nzima, na hilo nalo umelichukua wewe?"

Mama Tone hakuzoea kuomba radhi. Akakunja barua, akaitia kwenye bahasha.

Tangu siku hiyo saa nne ilifika, kigoda kikakaliwa, kreti halikukaliwa. Fundi alinywea chai yake kwa walinzi, getini.

Alhamisi kamati ikamuuliza, baada ya miaka kumi na miwili, amegundua nini. "Nimegundua kwamba gome hilo halifanyi kazi," alisema, "na najua kwa nini." Wakakohoa. Uprofesa akapewa mwingine.

Siku ya mwisho ya fundi, Mama Tone alishuka mapema kuliko kawaida, neno lake la radhi kaliandaa. Stoo imefungwa. Akaenda ofisini kwa karani.

"Fundi amekabidhi funguo tangu asubuhi na mapema," karani akasema.

"Kaacha neno lolote?"

"Hapana. Kaniuliza tu kama uprofesa umeupata. Nikamwambia hukuupata."

"Akasemaje?"

"Alikaa hapo kwenye kiti kwa muda, kisha akaenda."

Mama Tone akakitazama kile kiti. Saa tano alikuwa na kipindi cha mwaka wa kwanza. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akaenda kufundisha.