Ganzi Niliyodhani ni ya Buti

Wapendwa, mmeniomba nisimame niseme yaliyonipata mguuni. Naitwa Grace, wengi mnanijua kama Mama Neema wa Walthamstow. Nitasema kavukavu. Nisipolia msidhani sina shukrani, ndivyo nilivyo tangu siku ile.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima kabisa. Kazi yangu ni stesheni ya Stratford, kusimama kutwa nikielekeza watu treni. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye klabu yao ya skii, zile mbao mbili ndefu za kufunga miguuni na kutelezea kwenye theluji. Hapa London theluji ya kutelezea hakuna, kwa hiyo wametandika mlimani mazulia magumu ya brashi, wanayalowesha maji, watu wanateleza. Nilikwenda kucheka tu, nikanogewa. Mwishowe nikaingia kundi la watu wazima wanaojifunza mashindano kila Jumamosi asubuhi. Unashuka kwa kasi ukizunguka vijiti vilivyochomekwa, saa inakupima. Mama akanipigia kutoka Morogoro: "Na umri huo, unamkimbiza nani?" Nikamwambia naikimbiza saa. Akasonya.

Sasa sikilizeni habari ya buti, maana ndiyo iliyoniponza. Mtu wa mashindano havai buti la kumtosha. Anavaa dogo, soksi nyembamba, anakaza vifungo mpaka mguu na skii viwe kitu kimoja. Vidole vinakufa ganzi. Ukifika chini unafungua, damu inarudi, mnataniana. Kocha wetu, Colin, alikuwa akisema, "Kama bado unavihisi vidole, kaza tena." Tulicheka. Ganzi niliizoea kama mtu anavyozoea kelele za treni nyuma ya nyumba.

Jumamosi moja nikaanguka. Skii ya kushoto ikachomoka, ikageuka, ubavu wake ukanipiga kwenye muundi wa kulia, juu kidogo ya buti. Niliona nyota. Colin akaja mbio, akaniuliza kama naweza kusimama. Nikasimama. Wiki iliyofuata tulikuwa na mashindano na klabu nyingine, na nafasi moja ya timu ilikuwa bado haina mtu. Niliitaka. Nikakaza buti, nikapanda tena.

Nyumbani mume wangu, Baba Neema, akanikanda kwa maji ya moto, akanifunga bandeji, akaikaza. Maumivu badala ya kupungua yakazidi. Shavu la mguu likawa gumu kama ubao wa kukatia mboga, ngozi inang'aa. Nikameza dawa, hazikugusa kitu. Halafu, alasiri, vidole vikafa ganzi. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nikashusha pumzi. "Ni ganzi ya buti," nikamwambia Baba Neema, "itaondoka yenyewe." Na buti nilishalivua tangu klabuni! Mzaha mzaha hutunga usaha, ndugu zangu.

Binti yetu Neema akaja kukaa kwenye kochi, miguuni kwangu. Akanishika kidole, akaniuliza kwa Kiingereza chao ameshika kipi. Nikasema cha pili. Akamtazama baba yake. Alikuwa ameshika kidole gumba.

Baba Neema akafungua bandeji. "Mama Neema, hebu inua kidole."

Nikakiambia kiinuke. Hakikuinuka. Akanibeba mpaka kwenye gari, na kwa uzito wangu huu, mjue aliogopa.

Hospitali daktari, mama mmoja mwembamba, akakikunja kidole kuelekea juu. Maumivu yalinipanda kwenye shavu la mguu nikapiga kelele. Akasema, "Mfupa una ufa, lakini ufa hauniogopeshi. Misuli imevimba ndani ya mfuko wake, damu haipiti. Tunakupasua sasa."

Nikamwuliza kama haiwezi kungoja kesho.

"Kesho mguu huu utakuwa umekufa," akasema. "Na hata sasa, nikifungua nikakuta umekufa, itabidi niukate. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nikatia saini kama mtu anayepokea kifurushi mlangoni.

Nilipozinduka niliutazama mguu kwanza. Ulikuwepo. Walikuwa wameupasua pande mbili, kutoka gotini hadi karibu na kifundo, na hawakuushona, ili uvimbe upumue. Walipobadilisha bandeji niliiona nyama yangu, nyekundu kama ya buchani. Wakanirudisha tena chumba cha upasuaji, wakaondoa kipande cha msuli kilichokufa. Baadaye wakatoa ngozi pajani wakaziba. Paja liliuma kuliko mguu, kwa sababu mguu haukuuma kabisa. Baba Neema alikuwa akilia kwenye korido, ninyi mkaja mkaomba mkalia, nami nawatazama tu. Ganzi ilikuwa imepanda hadi moyoni. Msinihukumu, nasema kweli.

Nikarudi nyumbani na magongo, na kifaa cha plastiki cha kuzuia wayo usining'inie. Mazoezi ya kuinua kidole, asubuhi na jioni, miezi. Daktari alisema mishipa ya fahamu hurudi polepole, pengine isirudi.

Siku moja nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, pekupeku. Neema akapita nyuma yangu kuchukua maji, akanikanyaga kidole gumba. Nikasema, "Aii!" Neema akaanza kuomba radhi. Nikamwambia, "Kanyaga tena." Akakataa. "Kanyaga, mwanangu." Akakanyaga taratibu, ikauma. Nikakaa chini sakafuni nikalia, vitunguu vikaungua, hakuna aliyevijali.

Vidole viwili vya mwisho bado sivihisi, na siku nyingi moyo nao hausemi kitu. Lakini natembea. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari aliyekataa kungoja kesho, na Baba Neema na mgongo wake.

Mashindano sishiriki tena. Jumamosi mimi huenda klabuni kutazama wenzangu, na wale wapya nawaambia nilichokuja kuwaambia ninyi: ukigongwa mguu, vua buti. Maumivu yakizidi na mguu ukikaza, usikande, usifunge, nenda hospitali. Na ganzi ikija usishukuru kwamba maumivu yamekwisha. Anayeumia bado ana mguu wa kuokoa.