Kitara cha Ferdinand Onema, mpima mizigo wa Kindu

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla king'ora cha stesheni ya Kindu hakijalia, Ferdinand Onema amesimama kati ya magunia ya mchele katika ghala la mizigo, uso ameufunika kwa kinyago cha waya. Mbele yake yuko mkewe, Emerance, naye amevaa vilevile. Mama huyu anamshukia kwa kitara, upanga mwepesi wa mchezo. Onema anarudi hatua mbili, anakinga, anamgusa begani.

“Umechelewa,” anamwambia.

“Kikwembe njo kimenikamata miguu. Turudilie.” Anaikaza kanga kiunoni, wanaanza upya.

Onema, mwenye miaka 34 mwaka huu wa 1959, hupima mizigo inayotoka kwenye garimoshi kabla haijapakiwa kwenye meli za mto Lualaba. Akipata likizo, ni mchezaji wa kitara aliyefika hadi Ulaya.

Alianza mwaka 1951. Mhandisi mmoja Mbelgiji wa reli, mpenzi wa mchezo huo, alikosa mtu wa kupigana naye Kindu. Akamwita Onema, akampa kitara.

“Nilizani njo ya kukata majani,” Onema anasema. “Miezi sita nilikuwa mutu wa kupigwa tu. Mwaka wa pili, Bwana naye akaanza kutoka jasho.”

Mwaka 1956 mhandisi alirudi kwao moja kwa moja, akamwachia vitara viwili na vinyago viwili. Wanaume wa stesheni walijaribu mara moja, wakaenda kukanda mbavu. Akabaki Emerance, fundi wa kushona. Alikata turubai kuukuu, akashona jaketi mbili nene, moja yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Onema alialikwa kwenye mashindano ya mji wa Usumbura, nchi ya jirani. Katika mchezo huu waamuzi wanne husimama pembeni, na anayeona pigo huinua mkono. Mpinzani wake alikuwa afisa wa jeshi, Mzungu.

“Nilimugusa kichwa mara mbili. Hakuna mukono hata moja.”

Mara ya tatu alikipiga kinyago cha afisa hadi mlio ukasikika ukumbi mzima. Mikono ikainuka. Alishinda kwa mapigo matano kwa manne, na ushindi huo ukampeleka Bruseli mwaka 1958.

Huko, raundi ya pili, yeye na mpinzani mwingine walifika manne kwa manne. Waamuzi wakampa Onema pigo la mwisho. Akavua kinyago, akawaonyesha kifundo cha mkono wake: yeye ndiye aliyeguswa kwanza, nao hawakuona. Akatolewa.

Aliporudi nyumbani, Emerance alimwuliza swali moja tu: “Walikunyima ya kwako, halafu wewe unawapa ya bure?”

“Mimi najua vile inauma kupiga na kunyimwa,” Onema akamjibu. “Siwezi kumufanyia mutu.”

Siku mbili Emerance alikataa kushika kitara. Ya tatu, kulipokucha, Onema alimkuta mlangoni, jaketi mwilini, anamngoja.

Agosti hii wachezaji wawili wa Usumbura watakuja Kindu kwa mara ya kwanza. Mkuu wa stesheni ametoa ghala. Waamuzi watatu wamepatikana. Wa nne atakuwa Emerance, na wageni wamekubali kwa barua.

“Ninataka nishinde mbele ya watu wenye kuona,” Onema anasema. “Hata nikishindwa, iwe vile.”

Namwuliza Emerance kama ataweza kuinua mkono mumewe akiguswa. Hainui macho kwenye cherehani.

“Yeye njo nitaangalia zaidi.”